Jinsi ya kujilinda na utapeli wa bima ya gari, na kwanini dili la mwenzako unalilipia wewe

Mdogo wangu ni dereva wa boda. Jioni moja aligongwa na kirikuu maeneo ya Tabata, yeye yuko upande wake kabisa, kirikuu inaingia barabara kubwa bila kuangalia, mguu ukavunjika sehemu mbili, tukampeleka Muhimbili kule MOI akawekewa chuma. Mwenye kirikuu hakukimbia wala hakubisha, alikuja mpaka hospitali akasema poleni sana ila msiwe na wasiwasi gari ina bima, na kweli kwenye kioo kulikuwa na stika na mfukoni alikuwa na kava noti, ile karatasi ya kuonyesha umekata bima, ina muhuri na kila kitu. Tukahangaika wiki tatu na makaratasi ya polisi, PF3, risiti za dawa, tukaenda ofisi za kampuni iliyoandikwa kwenye ile kava noti. Dada wa mapokezi akaingiza namba ya gari kwenye kompyuta, akaingiza tena, akatuangalia. Haipo. Haijawahi kuwepo.

Kumbe mwenye kirikuu alinunua kwa jamaa mmoja wa pembeni ya barabara aliyemwambia nakufanyia bei ya kishkaji, akalipa kwenye namba ya simu ya huyo jamaa, akapewa karatasi. Alidhani ameokoa elfu hamsini hivi. Mguu wa mdogo wangu tukaulipia sisi, ndugu na majirani, na mpaka leo akitembea umbali mrefu anachechemea.

Ndo maana naandika hii. Nimekaa nikajifunza mambo ya bima za magari kwa sababu ya ule mguu, na nataka ujue namna ya kununua bima ya ukweli, namna ya kujilinda siku ya ajali na kule gereji, na namna ya kukataa pale utakapoambiwa na wewe uingie kwenye dili, maana utaambiwa tu.

Kwanza elewa hela inatoka wapi

Mtaani wengi tunaona bima ni hela ya kampuni, kampuni ni ya matajiri, kwahiyo ukiwapiga umepiga matajiri hakuna aliyeumia. Hapana. Bima inafanya kazi kama kile chama chetu cha kufa na kuzikana. Kila mtu anatoa, msiba ukimfika mmoja anachukua, wengine mwaka unaisha hawajachukua kitu na wanashukuru Mungu. Sasa fikiria kuna mwanachama anakuja kusema kafiwa na mjomba ambaye hayupo, analipwa, mwezi ujao mwingine naye kafiwa na shangazi ambaye hayupo. Mwenyekiti hatoi hela nyumbani kwake. Ataitisha kikao aseme mchango unapanda kutoka elfu tano kwenda elfu saba. Hivo ndo inavokuwa.

Tupige hesabu, hii ni ya mfano tu lakini ndo mwenendo wenyewe. Tuseme gari binafsi la milioni 20, umekata bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari lako mwenyewe, kwa rate iliyozoeleka ya asilimia 3.5, hiyo ni laki 7, weka VAT asilimia 18 ambayo ni 126,000 unalipa jumla 826,000. Kampuni ina magari elfu moja ya aina hiyo, mfuko ukiacha VAT una milioni 700. Ajali za kweli za mwaka mzima zinakula milioni 420. Mishahara, ofisi, kamisheni za mawakala na mambo mengine milioni 175. Zinabaki milioni 105, hapo ndo kuna akiba na faida. Sasa wakitokea watu 12 tu kati ya hao elfu moja, kila mmoja na ajali ya kutengeneza au bili iliyovimbishwa ya milioni 9, ni milioni 108, ile yote iliyobaki imeondoka na kampuni ina hasara ya milioni 3. Mwaka unaofuata ili warudi walipokuwa inabidi kila gari liongeze 108,000, yaani kutoka laki 7 kwenda 808,000, ni zaidi ya asilimia 15, na VAT nayo inapanda kwa sababu inahesabiwa juu ya hiyo hela, unajikuta unalipa 953,440. Hujagonga mtu, hujakwaruza hata bampa, umeongezewa 127,440 na hao wengine 987 waliotulia nao wameongezewa hivohivo.

Na bei ni sehemu tu ya maumivu. Kampuni ikishapigwa sana inaanza kumshuku kila mtu, madai yako ya kweli yanakaa muda mrefu, wanataka picha hii na karatasi ile, eksesi, yaani ile sehemu ya hasara unayolipa mwenyewe, inapandishwa, magari ya zamani wanakataa kuyapa bima kubwa au wanatoa kwa masharti magumu. Mtu mwaminifu anachunguzwa kama mwizi kwa sababu ya wizi wa wengine. Hiyo kitu inaniuma kuliko hata hela.

Kununua bima bila kuibiwa

Sheria yetu ya bima za vyombo vya moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo awe na angalau bima ndogo, ile ya third party, inayomlipa uliyemgonga. Kwa gari binafsi tumezoea kulipa 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja na VAT yake. Hizi bei zina viwango vya chini ambavyo vinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima, kwahiyo mwenye leseni hawezi kukuuzia ya mwaka mzima kwa elfu 60 hata awe mjomba wako. Ukiona bei kama hiyo ujue aidha ni feki kabisa, au ni ya mwezi mmoja ameichakachua tarehe, au amekuandikishia chombo cha aina nyingine chenye bei ndogo, gari inasomeka kama pikipiki. Karatasi utapewa na itapendeza tu.

Zile stika za karatasi zilikuwa zinachapishwa mtaani kama kadi za harusi, na ndo moja ya sababu TIRA wakaleta mfumo wa kielektroniki. Siku hizi bima yako inaishi kwenye mfumo, karatasi au PDF ni nakala tu. Kwahiyo usikague karatasi, kagua mfumo. Fungua tiramis.tira.go.tz kwenye simu, weka namba ya gari, itakuletea bima ni ya kampuni gani, imeanza lini na inaisha lini. Fanya hivo hapohapo kabla hujaondoka mbele ya aliyekuuzia. Akikwambia mfumo uko chini itasoma kesho, mwambie sawa na hela utapata kesho. Angalia namba ya gari herufi kwa herufi, aina ya chombo, matumizi yake, tarehe zote mbili, na jina la kampuni lifanane na la kwenye karatasi. Na rudi uangalie tena baada ya wiki moja au mbili, maana bima inaweza kuingizwa vizuri kabisa halafu ikafutwa nyuma yako.

Kwenye kulipa usilegee hata kidogo. Lipa kwa kontroo namba au kwenye akaunti yenye jina la kampuni. Kabla hujabonyeza namba ya siri simu inakuonyesha jina la anayepokea, likija jina la mtu, acha, hata kama ni wakala mwenye fulana ya kampuni na kitambulisho shingoni. Utaratibu wa bima hapa kwetu ni kwamba hela haijaingia kwa kampuni hakuna bima, basi, hakuna cha nilimpa wakala. Hawa vishoka wanapenda kukaa karibu na ofisi ambazo watu wanakuja na haraka zao, mtu ametoka kutoa gari bandarini, anataka kuendesha leo, amechoka, hela imeisha kwenye ushuru, anaskia bei ya chini anashukuru. Ukiwa kwenye hali hiyo nenda benki, benki nyingi zinauza bima, au ingia ofisi yenyewe ya kampuni, utapoteza nusu saa tu.

Kuna udanganyifu mwingine ambao watu wengi wanaufanya bila kujua kama ni udanganyifu, nao ni kuandikisha gari kama la matumizi binafsi halafu linapiga teksi mtandao kuanzia asubuhi mpaka usiku. Bima ya biashara ni ghali zaidi kwa sababu gari la biashara liko barabarani masaa mengi na linabeba watu wasiojuana. Ukikata ya binafsi unalipa kidogo kwa hatari kubwa, wenzako wanafidia, na siku ya ajali asesa, yule mkaguzi wa hasara wa kampuni, akikuta ulikuwa na abiria wa app madai yanakataliwa yote. Vijana wengi wamepoteza magari ya mkataba kwa staili hii na deni la bosi likabaki palepale. Mwambie wakala ukweli kwamba gari ni ya biashara, lipa tofauti, ulale.

Siku ya ajali

Ikitokea, ukishahakikisha watu wako salama na majeruhi wanapata msaada, toa simu. Piga picha kabla magari hayajasogezwa, kwanza za mbali zionyeshe magari yote mawili na barabara na kitu cha kudumu kama duka, nguzo au kituo cha daladala, halafu za karibu, palipogongana, namba za magari, kioo cha mbele, alama za breki kwenye lami. Piga na sehemu ambazo HAZIJAUMIA, upande wa pili wa gari lako na wa lake. Hii watu wanaisahau na ndo inayokuokoa baadae mwenzako akija na madai ya mlango ambao haukuguswa. Rekodi na video fupi ukizunguka, ndani ya gari lake kuna watu wangapi, hesabu. Walikuwa wawili, isije kwenye makaratasi wakawa watano na wote shingo zinauma.

Halafu hapohapo weka namba ya gari lake kwenye tovuti ya TIRA. Hiki ndo kitu kimoja ambacho natamani tungekifanya siku ile Tabata. Tungejua ndani ya dakika mbili kwamba stika ni karatasi tu, na mazungumzo na mwenye gari yangeanza tofauti, mbele ya trafiki, wiki tatu mapema, kabla hajabadilisha namba ya simu.

Piga polisi, 112 inafanya kazi, na usikubali ule wimbo wa tumalizane hapahapa. Najua kituoni kunachosha, najua unaona bora laki mbili mkononi kila mtu ashike njia yake. Lakini ukishakubali kosa au kulipana pembeni bila kampuni yako kujua, kampuni ina haki ya kukwambia hayo ni yenu, na kesho yule mtu anaweza kuibuka na kifua kinachouma na mwanasheria. Kampuni itataka makaratasi ya polisi, zile PF 90, PF 93 na PF 115 na mchoro wa ajali, na kama kuna majeruhi PF3 ndo inaenda naye hospitali. Wapigie kampuni yako siku hiyohiyo hata kama ni Jumapili, tuma hata meseji ili kuwe na kumbukumbu ya muda.

Sasa utajuaje kama ajali imepangwa? Hakuna dalili moja ya kukuhakikishia, ila zikijikusanya shtuka. Gari la mbele limefunga breki ghafla barabara nyeupe hakuna hata kuku aliyekatiza. Ni gari chakavu limejaa watu wazima, na wote wanaumwa sehemu moja. Shahidi ametokea kabla hujafungua mlango na anaongea sana kuliko aliyegongwa. Brekidauni imefika na hukupigia mtu, na dereva wake anakuchagulia gereji. Michubuko ya gari lake ina kutu tayari, au iko juu sana kuliko bampa lako linapofika. Ukiona hivyo usigombane nao, usiseme nyie matapeli mtajuta, watu wa namna hiyo wanaweza kukudhuru. Piga picha zako kimya, subiri polisi, halafu kampuni yako uwaambie wasiwasi wako wote wachunguze wao. Kamera ya dashibodi kama unaweza kuimudu nunua, inamaliza ubishi mwingi.

Gereji, hapa ndo hela nyingi inapotea

Ajali za kupangwa zinasikika sana kwa sababu ni kama sinema, ila kwa ninavyoona mimi bomba kubwa linalovuja ni gereji, kidogokidogo, kwa watu ambao wasingethubutu kuiba hata soda dukani. Gari yangu, IST, niligongwa nyuma kwenye foleni. Bampa, taa moja, na mlango wa buti ukajikunja. Fundi akaniandikia makadirio, nikayasoma, nikakuta kuna taa zote mbili, na rejeta. Rejeta iko mbele! Nikamuuliza, akanijibu kwa upole kabisa kama mtu anayenisaidia, akasema kaka wewe una eksesi laki mbili si ndio, sasa tunaiweka humu inarudi, na wewe unapata cha juu kidogo, asesa namjua, kila mtu anafanya.

Nataka uangalie hiyo hesabu vizuri. Gharama ya kweli tuseme milioni 1.2. Eksesi yako laki 2, maana yake kampuni ingelipa milioni 1. Fundi anaandika milioni 1.9. Kampuni inalipa milioni 1.7. Laki 7 imezuka kutoka hewani, wewe umefidiwa eksesi yako laki 2, laki 5 wamegawana fundi na asesa. Yaani wamekutumia jina lako na sahihi yako kuiba laki 5 na wewe umepewa chenji. Na ikigundulika, aliyesaini fomu ya madai ni wewe, fundi atasema aliambiwa na mteja. Na mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, ukidanganya kwenye kipande kampuni inaweza kukataa yote, hata ile milioni moja ambayo ilikuwa haki yako kabisa.

Nilikataa, na sio kwamba laki mbili nilikuwa nazo, sikuwa nazo. Nilimfikiria mdogo wangu tu.

Cha kufanya gereji ni hivi. Asesa wa kampuni aone gari KABLA halijafunguliwa hata bolti moja, na wewe uwepo. Chukua makadirio kutoka gereji mbili, na kila spea iandikwe peke yake na bei yake, usipokee mstari mmoja umeandikwa matengenezo ya body milioni moja na nusu. Kila kitu kwenye orodha nenda nacho kwenye picha zako, kama hakipo kwenye picha uliza, kama jibu halieleweki kikatwe. Iandikwe spea ni mpya au used, maana mchezo mwingine ni kampuni inalipia taa mpya halafu inafungwa used ya Ilala au Gerezani iliyopigwa polish, na kitako kikiwa kimeungwa kwa gundi huwezi kujua mpaka mvua inyeshe maji yaingie. Omba uonyeshwe boksi la spea mpya kabla haijafungwa na vile vilivyotolewa uvione, kama kampuni inavitaka ivichukue, visirudi dukani vikauzwe tena kwa bima ya mtu mwingine. Na ile hati ya kukubali kwamba umeridhika usiisaini gari likiwa bado kwa fundi. Liendeshe kwanza, washa taa zote, fungua buti, pita kwenye maji.

Kama gereji umechaguliwa na kampuni haimaanishi uache kuangalia.

Ukishawishiwa, hata na mtu unayempenda

Mara nyingi anayekuja na wazo ni shemeji, ni rafiki wa kazini, ni bosi wako mwenyewe. Mwenye gari ameligonga kabla ya kukata bima anataka akate leo tuseme limegongwa kesho. Au aliyekuwa anaendesha ni kijana asiye na leseni, wanakuomba wewe useme ulikuwa wewe. Au gari limeuzwa nje ya mpaka halafu linaripotiwa limeibiwa Mbezi. Wote watakwambia ni karatasi tu. Kumbuka mfumo unaandika bima imeingizwa siku gani, kwahiyo ajali ya siku inayofuata tayari inaanza na alama ya kuuliza, na simu zetu zinaonyesha tulikuwa wapi. Kisheria hii inaitwa kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, adhabu yake inaweza kufika miaka 7 jela, na ukiongeza nyaraka za kughushi ni kosa lingine linasimama peke yake. Kusema ulikuwa unaendesha wewe wakati ajali ina marehemu ni kujibebesha kesi nzima ya trafiki. Usikubali hata akulilie.

Namna ya kukataa bila kuvunja undugu, mimi nasema hivi, shemeji gari likifika kwa asesa wataniuliza mimi maswali na mimi siwezi kukumbuka uongo, nitakuharibia. Inafanya kazi. Halafu mwoneshe njia ya halali, kwa mfano kama ana bima ndogo na gari lake limeumia kwa kosa la mwingine, adai kwenye bima ya yule aliyemgonga, wengi hata hawajui kama hiyo haki wanayo.

Ukinunua gari la mkononi

Kwa kifupi tu. Gari lililokufa kwenye ajali kampuni ikishamlipa mwenyewe inauza mabaki, na kuuza mabaki sio kosa. Shida ni pale linapoungwaungwa, likapakwa rangi, likauzwa kama halijawahi kuguswa, na wewe ukalikatia bima kubwa kwa bei ya gari zima. Nenda na fundi wako sio wa muuzaji, angalia chesesi namba kama imechomelewa, rangi chini ya mazulia na kwenye bolti za bawaba za milango, mikanda ya usalama kama imeandikwa mwaka mmoja na gari. Na ukishanunua badilisha umiliki kwenye kadi na kwenye bima, usiendeshe kwa bima yenye jina la mwenye gari wa zamani ukidhani inakufuata.

Ukigundua umeshapigwa

Kama umeingiza namba ya gari lako sasa hivi na haisomi, usiliingize gari barabarani tena mpaka ukate nyingine, hata kwa kukopa. Halafu kusanya ushahidi, meseji za aliyekuuzia, muamala wa simu wenye jina lake, ile karatasi usiichane, nenda polisi ufungue taarifa na nenda kampuni ambayo jina lake limetumika, na wao wanataka kujua kwa sababu jina lao linachafuliwa. TIRA nao wana ofisi za kanda, sio Dar tu, peleka malalamiko kwa maandishi ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na kama tatizo ni kinyume chake, wewe una bima ya kweli, ajali ya kweli, na kampuni inakuzungusha au inakuita mwongo bila ushahidi, usikate tamaa ukaanza kutafuta njia za panya kulipiza. Andika barua kwanza kwa kampuni yenyewe, wakikujibu ovyo au wakikaa kimya peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi hiyo imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi ambao hatuna hela ya mawakili. Nenda na kila karatasi na kila tarehe, anayeshinda pale ni mwenye kumbukumbu.

Siku ya kuhuisha

Bima ikikaribia kuisha usikubali tu bei waliyokuandikia mwaka jana. Kama hujadai kitu mwaka mzima kuna punguzo la kutokudai, wengi hawapewi kwa sababu hawaulizi, na ukihamia kampuni nyingine omba barua ya kuthibitisha hujawahi kudai uende nayo. Bei ya gari andika ya kweli ya soko la leo. Ukiandika kubwa unalipia bure maana watakulipa bei ya soko. Ukiandika ndogo ili ulipe kidogo nayo ni kudanganya na inakurudia, gari la milioni 20 umeliandikisha la milioni 10, umepata hasara ya milioni 4, wanaweza kukulipa milioni 2 tu kwa sababu ulikatia nusu. Na uwaambie kila kitu kilichobadilika, rim mpya, muziki, mtoto ameanza kuliendesha, umehamia kwenye nyumba isiyo na geti.

Mdogo wangu amerudi kwenye boda, pikipiki ya bosi mwingine. Siku ya kukabidhiwa ufunguo alitoa simu akaingiza namba ya pikipiki mbele ya bosi, ikaleta bima iliyokwisha miezi miwili nyuma. Bosi akasema anza tu kazi wiki hii tutaishughulikia. Mdogo wangu akamrudishia ufunguo, akakaa nyumbani siku tatu bila kuingiza hata mia, siku ya nne bosi akampigia kwamba ameshakata. Akaingiza namba tena kabla ya kwenda kuichukua.